Na Nyinyi, Mto Mliuona Lini?



Shule zinapokaribia kufungwa, swali huwa ni lile lile katika nyumba zetu: watoto tutawapeleka wapi? Ufuo wa bahari tumeuzoea, na siku za likizo hujaa watu hata mwanamke anayetaka kukaa kwa sitara na utulivu hana pa kutandika mkeka wake. Kuwazuru jamaa ni jambo jema na lenye thawabu, lakini mwenye kuzuru na mwenye kuzuriwa wote huishia jikoni. Wiki hii tunapenda kuzungumzia mahali ambapo wengi wetu hupapita tukienda Nairobi, tukapatazama kwa dirisha la gari au la treni, wala tusiteremke: mbuga ya Tsavo Mashariki, na hasa ukingo wa mto Galana. Tumelala huko mara mbili, mara ya kwanza katika mahema na mara ya pili katika vibanda. Safari hizo mbili hazikufanana hata kidogo, na sababu yake haikuwa hema wala kibanda.

Mto wenyewe si mgeni kwetu. Mto Athi na mto Tsavo hukutana ndani ya mbuga, na kuanzia hapo maji huitwa Galana. Yakikaribia pwani hubadilika jina yakaitwa Sabaki, kisha huingia baharini kaskazini ya Malindi, upande wa Mambrui. Kila aliyekulia Malindi anajua jinsi bahari inavyogeuka rangi ya udongo mvua zinaponyesha bara. Udongo ule ndio huo huo unaopita Tsavo chini ya miguu ya ndovu.

Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka wa 1948, ikagawanywa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi. Hii ya Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Kaskazini ya mto umelala uwanda wa juu wa Yatta, ambao ni lava ya volkeno iliyomiminika zamani ikaganda kwa urefu wa takriban kilomita 300, na ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Katika maporomoko ya Lugard, mto mzima hujibana baina ya miamba yenye milia, ukapita kwa ngurumo, kisha ukatulia mbele katika vidimbwi vya viboko na mamba. Ndovu wa huko ni wekundu, si kwa maumbile bali kwa vumbi la ardhi wanalojirushia mgongoni. Yote hayo yako kwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Mombasa, nasi tumeishi miaka tukidhani kuwa ni mali ya wageni wanaoshuka kwenye ndege.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Desemba. Tulikuwa jamaa tatu za mtaa mmoja, watu wazima sita na watoto tisa. Tulipiga mahema Ndololo, kambi ya umma iliyo chini ya miti karibu na mto Voi, si mbali na lango la Voi. Vyoo na bafu vilikuwapo, ingawa ni vya wote wanaofika. Sisi akina mama watatu tulikuwa tumejiandaa kwa wiki nzima: mchele, nazi, viungo vya pilau, mbaazi, unga wa mahamri, samaki aliyekwisha kukaangwa, majiko mawili ya makaa, sufuria tano na sinia mbili. Gari moja lilibeba watu, na la pili, kwa kusema kweli, lilibeba jiko.

Siku ya pili akina baba waliwachukua watoto kwenda kuutazama mto Galana na maporomoko ya Lugard, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka kambini. Sisi tulibaki. Hakuna aliyetulazimisha kubaki. Tulisema wenyewe, kwa vinywa vyetu, “Nendeni tu, sisi tutaangalia chakula.” Tumbili wakashuka mtini wakachukua mahamri yaliyokuwa yakipoa, tukawafukuza kwa upawa, tukacheka, tukakanda mengine. Waliporudi baada ya alasiri, watoto walikuwa wekundu kwa vumbi kama ndovu wenyewe, wakisimulia wote kwa pamoja habari za mamba aliyefunua kinywa. Pilau ilikuwa tayari. Tukala, tukasema alhamdulillah. Usiku ule ndovu walipita karibu na kambi wakivunja matawi, na kila mmoja wetu alibana pumzi ndani ya hema mpaka sauti ikatoweka.

Tuliporudi Mombasa, sote tulisema kuwa safari ilikuwa nzuri, na sisi akina mama tulisema hivyo kuliko wote.

Jioni moja picha zilioneshwa sebuleni. Bi Mkubwa, mkwe wa mmoja wetu, ambaye hakwenda nasi, alivaa miwani yake akazitazama moja baada ya moja. Mwanamke alikuwamo katika picha moja tu, naye ameinama juu ya jiko, ameupa mgongo ulimwengu. Bi Mkubwa akauliza, “Na wake zenu wako wapi?”

Mwanawe akajibu kwa adabu, “Mama, wao hawapendi kupigwa picha.”

“Sikuuliza habari za picha,” akasema Bi Mkubwa. Kisha akatugeukia sisi. “Na nyinyi, mto mliuona lini?”

Hatukuwa na jawabu. Tulikuwa tumesafiri kilomita mia na hamsini na zaidi, tumelala nyika siku mbili, tumerudi, na mto wa Galana hatukuuona hata kwa mbali. Tulikuwa tumehamisha jiko kutoka nyumbani tukaliweka chini ya mti. Lililotuuma si kwamba tulinyimwa, kwa maana hakuna aliyetunyima. Lililotuuma ni kwamba haikutupitikia, wala sisi wala waume zetu, kwamba kulikuwa na cha kuuliza.

Tukumbuke pia kwamba Bi Mkubwa ni mzaliwa wa Mambrui. Huo mto aliotuulizia ni mto wa kwao.

Ndipo tulipoweka nia ya safari ya pili, na safari hii tulikaa barazani mwezi mzima kabla ya kuondoka, wanaume na wanawake, tukapatana. Yalikuwa mapatano matatu. La kwanza, chakula kiwe chepesi. Hakuna pilau wala mahamri ya kukandwa huko: mikate, mayai, tende, matunda, maharagwe yaliyochemshwa nyumbani, na wali wa mara moja kwa siku. La pili, kifungua kinywa na chakula cha mchana ni kazi ya akina baba na wavulana, na kuosha vyombo ni kazi ya kila aliyekula. La tatu, baada ya swala ya alasiri hakuna mwanamke atakayeguswa na kazi yoyote mpaka magharibi. Saa hiyo ni ya mto.

Baba mmoja alilalamika kwamba atatuua kwa njaa. Bi Mkubwa akamwambia kuwa wanaume wamekuwa wakipika madafuni na mashuani tangu enzi za mababu zake, na hakusikia hata siku moja kwamba baharia amekufa kwa kukosa mke wa kumpikia. Nasi sote tumesikia tangu utotoni kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi zao, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Tumelisikia, tukalisifu, tukaliacha msikitini.

Tulikwenda Agosti, tukapitia Malindi mpaka karibu na lango la Sala, upande wa mashariki wa mbuga. Huko, kwenye ukingo wa kusini wa Galana, kuna kambi zenye mahema ya kudumu na vibanda vya kukodi. Tulichagua vibanda kwa ajili ya Bi Mkubwa, ambaye magoti yake hayakubali tena kulala chini. Kibanda kina kitanda, chandarua, mlango unaofungwa kwa kitasa, na choo chake chenyewe. Wepesi wa jambo hili hauwezi kuelezwa kwa asiyewahi kuvuka kambi usiku na buibui mkononi akitafuta choo cha watu wote.

Alfajiri ya kwanza, kabla hata hatujaamka, Bi Mkubwa alichukua birika tupu akateremka kwenda kutia udhu mtoni. Maji yalikuwa kibandani, lakini yeye aliutaka mto. Tuliamshwa na sauti ya askari wa kambi akipiga kelele, “Simama! Simama hapo hapo!” Tulitoka mbio na leso vichwani, na mioyo yetu ikitangulia.

Tulimkuta Bi Mkubwa amesimama katikati ya mteremko, amekasirika. Kijana yule alikuwa amekwisha kumfikia, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Shikamoo, Nyanya. Nisamehe kwa kukupigia kelele. Naomba turudi juu, tafadhali.”

“Marahaba. Mwanangu, hata maji ya Mungu siku hizi yana kibali?”

“Maji hayana kibali, Nyanya. Ila wenye kukaa humo hawajaamka vizuri.”

Akaelekeza tochi kwenye mchanga wa chini. Macho mawili mekundu yakawaka karibu na ardhi, hatua chache kutoka mahali ambapo angeinama na birika lake. Hakuna aliyecheka. Mwanawe alimshika mkono mpaka juu, naye akatia udhu kwa maji ya mtungi mbele ya kibanda, mikono ikimtetemeka kidogo. Askari yule alikataa chai yetu siku hiyo kwa kuwa zamu yake ilikuwa imekwisha, lakini alikubali siku ya pili, na Bi Mkubwa ndiye aliyemmiminia.

Kisha tukaswali pamoja mbele ya vibanda. Kibla cha huko ni kama cha Mombasa, kwani Makka iko karibu kaskazini hasa. Jua likichomoza mkono wako wa kulia, uso wako uko kiblani. Kwa kuwa tulikuwa ukingo wa kusini, mto wote ulikuwa mbele yetu, unapita kutoka kushoto kwenda kulia, kwenda kwetu.

Chai ya akina baba ilinuka moshi, na wali wa mchana uliungua chini hata ukoko ukawa mnene kuliko wali wenyewe. Tuliula wote, na mvulana wa miaka kumi na miwili alijifunza kwamba sufuria yenye masizi haisuguliki kwa kuitazama. Hatutadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mara mbili mmoja wetu aliinuka kwenda kuokoa chakula, na mara mbili wenzake walimvuta upindo wa leso akakaa.

Alasiri ilipopita, tulipanga viti juu ya ukingo, mbali na maji, askari akiwa karibu. Kwa muda mrefu hapakuwa na lolote ila ndege na joto likipungua. Kisha ng'ambo ya pili ndovu wakatoka vichakani, mama mbele, wengine nyuma, na mtoto mdogo akibanwa katikati. Wakateremka, wakanywa, wakajimwagia maji, wakavuka mkondo polepole mpaka upande wetu, mbali kidogo chini ya kambi. Watoto wetu, ambao kwa kawaida hawanyamazi, walinyamaza.

Bi Mkubwa hakusema neno mpaka wa mwisho alipopotea. Ndipo akasema, “Kwetu maji haya nilikuwa nikiyaona yakifika. Sikuwahi kuyaona yakipita.” Ana zaidi ya miaka sabini. Kutoka nyumba aliyozaliwa mpaka pale tulipokaa ni safari ya saa chache tu kwa gari.

Wasomaji wanaopenda kuifanya safari hii tungependa wajue machache tuliyojifunza, mengine kwa gharama.

Milango ya mbuga hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa jioni jua linapokaribia kuzama, kwa hivyo ondokeni mapema, msikimbizane na jua. Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa kwa mfumo wa eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Fanyeni malipo kabla ya kuondoka, mahali penye mtandao wa uhakika, na mchukue vitambulisho, kwani raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Anayelala katika kibanda kilicho nje ya mpaka wa mbuga hulipa ada ya kuingia siku zile tu anazoingia.

Anayependa mahema achague kambi kwa kuzingatia sitara. Kambi ya umma hushirikiwa na yeyote anayefika, nayo huwa na vyoo. Kambi maalumu hukodiwa na kundi moja peke yake, hata wanawake wakakaa bila macho ya wageni, lakini aghalabu haina choo wala maji, na kila kitu mtabeba wenyewe. Kwa jamaa zilizo na wazee au watoto wachanga, sisi tungeshauri kibanda.

Msiteremke mtoni kwa sababu yoyote, iwe udhu, kuosha vyombo au kuchezesha watoto. Mamba hafanyi kelele. Bebeni maji ya kutosha katika mitungi, na muwekee udhu mtungi wake mbali na wa kunywa. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, basi kila mtoto awe na chupa yake ya chuma. Chakula kilale ndani ya gari, kamwe kisilale hemani, kwani harufu ya embe moja humwita nyani, na huweza kumwita mkubwa kuliko nyani. Usiku mtu asitoke hemani peke yake. Ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya watoto si aibu. Asubuhi viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge hupenda joto la kiatu.

Kwa akina mama hasa: buibui la kitambaa cha nailoni na moto wa makaa havipatani. Jikoni jifungeni leso za pamba, na mtandio ufungwe nyuma usining'inie. Wala msichome kuni za kuokota mbugani. Nunueni makaa mjini au mtumie jiko dogo la gesi.

Ama kuhusu swala, safari ya kutoka Mombasa mpaka huko imepita kiwango cha safari kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kwa hivyo msafiri wa siku mbili anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne, na kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake kabla ya kuondoka. Ruhusa hii ni rehema, na mwenye kumtafutia mtoto choo gizani huitambua thamani yake.

Jambo la mwisho si la kufungasha katika mkoba. Kabla hamjaandika orodha ya vyakula, kaeni chini nyote, baba, mama, wavulana na wasichana, mkamtaja kila mmoja kwa jina na kusema ni saa ngapi atakaa mbele ya mto bila kazi mkononi. Asiyepata saa yake, orodha ya chakula ipunguzwe mpaka aipate. Akina mama nao wasiwe wa kwanza kusema “nendeni tu”. Sisi tulilisema neno hilo, na lilitugharimu mto mzima.

Mwaka huu Bi Mkubwa amekwisha kutuuliza mara mbili ni lini tutarudi. Ameagiza pia anunuliwe tochi yake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.